Krismasi ya Minneapolis: tulimsindikiza mgeni kwa heshima, kumbe tumemnyang'anya kitanda

Wakuu, heshima kwenu nyote, wakubwa kwa wadogo.

Kisa hiki nimekisimulia mezani kwangu mara nyingi mpaka wanangu wakaniambia, "Dad, just write it down." Kitabu siwezi, ila uzi najitahidi. Nitakayoyaeleza niliyaona mwenyewe. Pale ambapo kumbukumbu imefifia nitasema wazi kwamba hapa sikumbuki, sitajazia chumvi.

Ni kirefu kidogo, kwa hiyo vuta kiti.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa mwanafunzi wa uzamili chuo kikuu pale Minneapolis, jimbo la Minnesota, naishi Cedar-Riverside kwenye yale maghorofa marefu jirani na chuo. Watanzania tulikuwa wachache. Ukipika maharage harufu ikafika korido, mtu anagonga mlango kuuliza kama kuna mwenzake humu.

Mama yetu pale alikuwa Mama Upendo. Alitangulia kufika miaka mingi kabla yetu, akawa anafanya kazi nyumba ya kulelea wazee huko Fridley. Mwanafunzi akishuka uwanja wa ndege na kijaketi chake cha kutoka Kariakoo, Mama Upendo ndiye anayempokea na koti zito, kofia na sahani ya wali. Alimwita kila mtu mwanangu, hata watu wa umri wake.

Kanisa tulilokuwa tunasali lilikuwa na shelter chini, kwenye basement. Kwa ambao hamjawahi kuiona, shelter ni mahali ambapo watu wasio na makazi wanapewa godoro na chakula. Kawaida watu wanaingia jioni, asubuhi wanatoka. Lakini baridi ikizidi sana wanaruhusiwa kubaki mchana kutwa.

Naomba nieleze kuhusu baridi, maana kuna mdau najua atasema hata Makete kuna baridi.

Mkuu, Makete unavaa sweta mbili unaendelea na maisha. Minnesota mwezi wa kumi na mbili, ukitoka nje unavuta pumzi na unasikia nywele za ndani ya pua zinaganda. Magari yanachomekwa kwenye umeme kama simu ili injini isigande. Ngozi iliyo wazi, sikio au kidole, ikipigwa na upepo kwa muda mfupi tu inakufa ganzi, kisha inakufa kweli. Daktari anaikata. Watu wanaolala nje huko wanapoteza vidole, na wengine wanapoteza maisha. Nimeeleza hili mapema ili mbele huko usije ukaona tulikuwa tunababaika bure.

Sasa, Krismasi ikikaribia, watu wa kujitolea kwenye shelter walikuwa wanapungua, maana Wamarekani wengi wanakwenda kwa wazazi wao. Carol, mama wa Kimarekani aliyekuwa anaendesha ile shelter, akasimama kanisani akaomba msaada. Kabla hajakaa, Mama Upendo akawa amenyanyua mkono kwa niaba yetu sote.

Baadaye tukamuuliza mbona hakutushauri kwanza. Akasema, "Kwani nyie mna bibi gani hapa Minneapolis wa kwenda kumsalimia?"

Tukaanza kupangana nani apike nini.

Siku yenyewe tulikuwa kikosi cha kutosha jikoni. Masufuria makubwa tuliazima kwa Hamisi, ndugu yetu Mwislamu wa ghorofa ya juu yangu, ambaye pia alichoma viungo vya pilau nyumbani kwake kisha akasema Krismasi si yake lakini njaa ni ya wote. Alikuwepo pia Odhiambo, Mkenya, msaidizi wa wauguzi hospitalini, anaishi Hopkins. Odhiambo alikuwa na gari. Wakati ule mtu mwenye gari alikuwa mtu wa muhimu kuliko mwenye digrii.

Tulipika pilau, kuku wa kukaanga, kachumbari na mchicha wa kopo ambao sitaki kuuzungumzia.

Wageni walikula vizuri. Mwanzoni waliangalia lile pilau la kahawia kwa mashaka, mmoja akauliza kama limeungua. Lakini alipoonja wa kwanza, foleni ikarudi tena.

Kati yao alikuwepo mzee anaitwa Raymond. Mrefu, mwembamba, ndevu nyeupe zilizochanwa, anaongea taratibu. Zamani alikuwa dereva wa treni za mizigo. Mama Upendo alimpenda mara moja kwa sababu alikula kwa utulivu na akarudisha sahani yake jikoni mwenyewe na kusema asante. Kila akipita meza ile anamwongezea kipande cha kuku. Raymond akikataa, anaongeza viwili.

Odhiambo akanichokoza, "Festo, wewe umeosha sufuria tangu asubuhi na hujapewa hata paja. Huyu mzee amekupita cheo."

Basi, chakula kikaisha, watu wakawa wamekaa, wengine wanacheza karata, wengine wanasinzia. Mimi nilikuwa sinki nasugua ukoko. Raymond akasimama, akavaa koti lake, akafunga skafu.

Hapa ndipo kisa kinapoanza, kwa hiyo nieleze taratibu.

Nyumbani kwetu, mgeni akisimama akavaa koti, maana yake anaaga. Na mgeni wa maana haondoki mikono mitupu, wala haondoki peke yake. Unamfungia chakula cha kula njiani au cha watoto. Unatoka naye. Unamsindikiza mpaka njia panda, mnaongea, mnasimama, mnaongea tena. Usipomsindikiza, kesho mtaa mzima utasikia kwamba ulimchoka.

Mama Upendo akaona koti. Akakurupuka.

Akajaza pilau na kuku kwenye foil, akaweka ndani ya mfuko, akamkabidhi Raymond. Akavaa koti lake mwenyewe juu ya kitenge, akamshika mzee mkono, wakapanda ngazi pole pole mpaka mlango mkubwa wa mbele. Niliwaona wakipita. Nilimsikia akimwambia kwa Kiingereza chake, asante sana kwa kuja, Mungu akubariki, uwasalimie nyumbani.

Uwasalimie nyumbani! Hata hilo halikunishtua. Tulikuwa tunafanya kitu tulichofanya maisha yetu yote.

Baada ya muda akarudi, macho yanamtoka machozi kwa baridi, anatabasamu. Akasema amemfikisha mzee wetu mpaka kona ya pili, na ni mtu mwenye adabu sana, hakubishana hata kidogo.

Tukaendelea na vyombo.

Kisha Carol akaja jikoni na bandeji mkononi, anamtafuta Raymond. Alitaka kumbadilishia bandeji ya mguu. Akatueleza kwamba vidole vya mguu wake wa kushoto viliganda wiki chache nyuma na ametoka hospitali juzi tu. Daktari alimwonya kwamba mguu ule ukipigwa na baridi tena, hawataokoa vidole, labda hata mguu wenyewe. Ndiyo maana alipewa godoro la kona karibu na bomba la joto, na akaambiwa asitoke kabisa mpaka hali ya hewa ibadilike.

Mama Upendo akasema kwa furaha, "Raymond ameshaondoka. Nimemsindikiza mwenyewe."

Carol akauliza ameondoka kwenda wapi.

Mama akasema, kwao.

Carol hakupandisha sauti, hilo nampongeza mpaka leo. Alivuta kiti, akakaa, akamuuliza Mama Upendo ilikuwaje, hatua kwa hatua. Mama akaeleza: alivaa koti, nikamfungia chakula, nikamshika mkono, nikamtoa nje mpaka kona.

Carol akaweka ile bandeji mezani.

"Mama Upendo," akasema, "Raymond alikuwa anakwenda kuvuta sigara uani. Huku kwetu, mtu akikupa chakula kwenye mfuko na akakutoa hadi mlango wa barabarani, anakwambia uondoke na usirudi."

Wakuu, sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Alinigeukia mimi kana kwamba nitamwambia Carol amekosea.

"Lakini mimi nilimheshimu, Festo," akasema kwa Kiswahili. "Mwambie nilimheshimu."

Nikamwambia Carol. Akasema anaelewa, ila Raymond ndiye hajui.

Na kulikuwa na tatizo lingine. Sheria ya shelter ile ilikuwa hivi: kuvuta sigara unapita mlango wa nyuma wa jikoni, kuna ua mdogo wenye uzio, unarudi. Lakini ukitoka mlango wa mbele umeachia nafasi yako, anapewa mwingine aliyeko nje anasubiri. Usiione ni roho mbaya. Idadi ya watu kwenye basement ilikuwa na kikomo kwa ajili ya hatari ya moto, na godoro lisilo na mtu wakati kuna mtu nje kwenye baridi ile ni dhambi pia. Mzee wa kanisa aliyekaa mlangoni alimwona Raymond akitoka na mfuko wa chakula, akifuatana na mtu wa jikoni. Akafanya alichotakiwa kufanya: akafuta jina lake kwenye orodha.

Kwa hiyo mzee mwenye mguu mbovu yuko nje, kwenye baridi inayoua, anaamini amefukuzwa. Na nafasi yake ni ya yeyote atakayefika mlangoni.

Jua la huko wakati wa Krismasi linazama saa kumi na nusu hivi, na likizama baridi inashuka kama jiwe kisimani. Tulikuwa tumebakiwa na mchana kidogo tu.

(Naona mdau ameshauliza hapo chini, kwa nini msimpigie simu. Mkuu, simu ya mkononi miaka ile walikuwa nayo madaktari na wauza nyumba. Raymond hakuwa hata na soksi ya pili.)

Odhiambo alishachukua funguo. Akasema twende, na akamwambia Mama Upendo abaki apumzike. Tulipofika garini tulimkuta ameshakaa kiti cha mbele.

Carol alitufuata mpaka kwenye gari akatueleza watu hukimbilia wapi. Siku za kawaida wanaingia maktaba, au wanatembea kwenye skyway, yale madaraja ya vioo yanayounganisha maghorofa ya katikati ya jiji, kuna joto humo. Lakini Krismasi kila kitu kimefungwa. Akasema tujaribu chumba cha kusubiria cha emergency hospitalini, halafu stendi ya mabasi. Hakutaja mahali pengine, na niliona kwa macho yake kwamba mahali pengine alipofikiria hakutaka kupataja.

Gari ya Odhiambo ilikuwa ndefu kama jeneza la chifu, na heater yake ilifanya kazi upande wa kulia tu, kwa Mama. Vioo viliganda kwa ndani. Mama alikuwa anakwangua dirisha kwa ukingo wa kitambulisho chake cha kazi, anachungulia kila mtu aliyeko barabarani. Hawakuwepo watu barabarani. Ilikuwa theluji, taa za mapambo na moshi unaotoka kwenye mabomba ya nyumba za watu walioko ndani.

Alikuwa anaongea peke yake. Anasali, kisha anajilaumu, kisha anasali tena.

Odhiambo akamwambia, "Mama, hata sisi kwetu Siaya tunaescort visitor. Mimi pia ningemtoa nje vile vile. Usijipige."

"Wewe ungemtoa na paja moja," Mama akasema. "Mimi nilimjazia mfuko kabisa. Ataona nilijiandaa kumfukuza."

Nilitaka kucheka na kulia kwa wakati mmoja.

Hospitalini hakuwepo. Nesi wa mapokezi alitusikiliza vizuri, akaangalia mpaka vyooni, hakuna.

Stendi ya mabasi, mlinzi akasema ndiyo, mzee wa hivyo alikuwa hapa, anachechemea, ana mfuko. Alimwambia kama hana tiketi hawezi kukaa. Mama Upendo akamwangalia yule mlinzi. Nilidhani atamchapa. Lakini akashusha macho, kwa sababu, kama alivyoniambia baadaye, angemwambia nini na yeye ndiye alianza?

Mtu mmoja aliyekuwa anafagia hapo stendi ndiye aliyetusaidia. Akasema kama hana pa kwenda basi atakuwa amepanda basi la University Avenue. Akatueleza kwamba watu wasio na makazi wanalijua lile basi. Linatoka Minneapolis mpaka Saint Paul, linageuza, linarudi, na linafanya kazi hata sikukuu. Ukiingia unakaa nyuma ambako kuna joto, na dereva mwema hakuulizi unashuka wapi.

Basi tukaingia University Avenue. Ile barabara imenyooka, inaunganisha miji miwili. Kazi ikawa kutazama mabasi. Siku ya sikukuu yanakuja kwa nadra.

La kwanza lilikuja mbele yetu, linaelekea tulikotoka. Odhiambo akageuza gari katikati ya barabara, matairi yakateleza, tukazunguka kama pia. Nilishika kiti cha mbele, Mama akataja jina la Yesu, Odhiambo akataja jina la fundi wake. Tukalipita basi, tukasimama kituo kinachofuata. Mama akashuka, akasimama barabarani na kitenge kinapepea chini ya koti, amenyoosha mikono miwili.

Dereva akasimama. Tukaingia. Kulikuwa na mwanamke na mtoto, na mtu amelala. Tulimfunua kofia kidogo. Siye.

Tukarudi garini. Mwanga ulishaanza kuwa wa bluu. Kwa mara ya kwanza Odhiambo hakuwa na utani. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mguu ambao umeshaganda mara moja unaganda haraka zaidi mara ya pili. Yeye ni mtu wa hospitali, alikuwa anajua. Sikumwambia Mama, ingawa nafikiri alisikia.

Tukageuza tena, tukaendelea kuelekea Saint Paul. Tulisubiri, sikumbuki muda gani, mimi niliona ni mrefu sana. Basi la pili likatokea.

Safari hii tulikuwa tayari kituoni. Mlango ukafunguka, Mama Upendo akapanda bila kumwangalia dereva, mimi nyuma yake naomba radhi.

Alikuwa kiti cha mwisho kabisa. Amekaa wima, skafu imefungwa vizuri, na ule mfuko wa pilau uko juu ya magoti yake, ameushika kwa mikono yote miwili. Haujafunguliwa.

Akatuona. Akaanza kuunyanyua.

"Mama," akasema, "kama umefuata chakula chako, sijakigusa."

Mama Upendo akaketi pale kwenye kiti jirani. Mdomo ukafunguka, Kiingereza chote alichokuwa nacho kikakimbia. Miaka yote ile ya kuwahudumia wazee wa Fridley, kikakimbia. Akanishika mkono, akasema, "Festo, mwambie wewe."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie kwetu humsindikizi mgeni kwa sababu umemchoka. Unamsindikiza kwa sababu hutaki aondoke."

Nikamwambia hivyo hivyo, neno kwa neno.

Raymond akaangalia mfuko, akamwangalia Mama, akaangalia mfuko tena. Nikaona ndevu zinatikisika. Sikujua kama ni baridi au ni nini.

"Mimi nilikuwa nakwenda kuvuta sigara," akasema.

Mama akasema kwa Kiingereza, sasa kimerudi, kwamba anajua, ameambiwa, na kwa nini hakusema? Kwa nini alikubali kutolewa kama mbuzi?

Jibu lake nalikumbuka mpaka leo.

"Nimefukuzwa sehemu nyingi," akasema. "Hakuna aliyewahi kunifukuza huku amenishika mkono. Nikaona nisimharibie."

Mama Upendo alilia kwa sauti pale kwenye basi. Raymond akawa anampiga piga begani, anamwambia pole, yaani yeye ndiye anampa pole. Dereva akageuka akauliza kwa upole kama tunashuka au anatupeleka wote Saint Paul, maana kwake ni sawa.

Tukashuka.

Raymond akakalishwa kiti cha mbele, upande wenye heater. Kabla hatujaondoka Odhiambo akamvua kiatu na soksi, akapapasa vidole kimoja kimoja, akabonyeza, akasubiri. Sote tulikuwa tumeinama tunaangalia vidole vya mzee wa watu kama tunasoma matokeo ya mtihani.

"Ni baridi," Odhiambo akasema, "lakini damu inarudi. Vidole viko sawa. Basi limemsaidia."

Mama Upendo alivua skafu yake akaufunga ule mguu kama mtoto mchanga.

Njia nzima Raymond alikula pilau kwa mkono kutoka kwenye foil. Akasema limepoa lakini ni zuri zaidi kuliko lilivyokuwa mezani. Akauliza hizo punje nyeusi ni nini. Mama akaanza kumweleza pilipili manga na iliki, na sauti yake ikaanza kurudi kuwa ile tunayoijua.

Tulifika kanisani bado kuna mwanga kidogo.

Sasa lile suala la godoro. Carol alikuwa amelishikilia lile la Raymond mpaka giza liingie, na kuna mwanaume amekaa koridoni, amefika nusu saa nyuma, anasubiri kujua hatima yake. Yaani kupatikana kwa Raymond kungekuwa habari mbaya kwa mtu mwingine. Hili watu huwa hawalisimulii kwenye hadithi za Krismasi, ila ndivyo ilivyokuwa.

Odhiambo ndiye alikuwa amepangiwa kulala pale kama mtu wa kujitolea, na kitanda chake kilikuwa kinahesabika kwenye ile idadi. Akamwambia Carol yule bwana apewe kile, yeye ana kitanda chake Hopkins, na zamu yake atamwachia mzee wa kanisa wa mlangoni, ambaye alikuwa anakaa macho tu hata hivyo. Carol akafikiri kidogo, akasema sawa.

Kwa hiyo hakuna aliyekosa.

Raymond akabadilishiwa bandeji, akalala kwenye kona yake karibu na bomba la joto. Watu wengine walikuwa wanaimba nyimbo za Krismasi kwa Kiingereza, sisi tunaitikia kwa Kiswahili pale tunapojua. Yeye alishapitiwa na usingizi.

Mama Upendo alikuwa amesimama karibu, na taulo la vyombo begani. Nilimwambia twende, tumemaliza. Akasema nisubiri kidogo.

Alikuwa anaangalia blanketi. Linapanda, linashuka. Alisimama pale mpaka akaridhika.

Halafu akasema, "Nina njaa, mwanangu. Tangu asubuhi sijala."

Tukakwangua ukoko wa pilau kwenye sufuria moja la Hamisi lililokuwa halijaoshwa, sisi watatu, tumesimama jikoni, tunacheka kama watu waliotoka kwenye ajali wakiwa wazima. Na kwa kweli ndivyo tulivyokuwa.

Wakuu, nimejifunza nini?

Kuna watu nimewasimulia kisa hiki wakasema ndiyo maana usijitie kimbelembele na mambo ya Wazungu, waachie wenyewe. Mimi sioni hivyo. Raymond alikula vizuri, alilala salama, na alishikwa mkono na mtu aliyemheshimu. Mama Upendo aliendelea kujitolea pale kila Krismasi mpaka alipostaafu. Alichobadilisha ni kitu kimoja tu: mtu akisimama akavaa koti, anamuuliza, "Unakwenda wapi, baba?" Ni swali dogo. Angelitumia siku ile, tungeosha vyombo tukaenda kulala.

Wema wetu unazungumza lugha ya tulikotoka. Ukiupeleka kwa mtu wa lugha nyingine, mweleze unachofanya wakati unakifanya. Usidhani ataelewa kwa sababu moyo wako ni mweupe. Na ukiona mtu anakupokea kimya kimya bila kubishana, usikimbilie kusema ana adabu. Huenda amezoea kufukuzwa.

Na ninyi vijana mlioko nje mara ya kwanza, sikukuu ikifika mnajifungia ndani mnalia na picha za nyumbani, nawaambia kwa upendo: tafuta jiko lolote linalolisha watu, ukaoshe masufuria. Utakosea, sote tulikosea. Nenda tu.

Nimemaliza. Wenye uzoefu wa ugenini, hebu leteni na zenu: ni heshima gani uliyompa mtu kwa moyo mmoja, yeye akaielewa kinyume? Na mliweza kuinyoosha, au mpaka leo anakununia? Nasoma zote, na nitajibu taratibu.